Wimbo Uliokatika kwenye Majina

Salha wa Ziwa la Ng'ombe hakuwa mtu wa kuamini ajali. Chumvi ikimwagika, kuna aliyeimwaga. Mtoto akikohoa, kuna aliyemtazama vibaya. Basi siku moja kabla ya arusi ya mwanawe Jalila, kompyuta ilipoanza kuukatakata wimbo wa vugo, ngoma ya wanawake ya arusini, mshukiwa alikuwa tayari: wifi yake Mwanatabu, aliyemtaka Jalila kwa mwanawe akanyimwa.

Wimbo ulikuwa wa marehemu mamake Salha, mwimbaji aliyefariki kabla Jalila hajazaliwa. Ndiyo sauti yake pekee iliyobaki, imehamishwa kutoka kwenye kaseti iliyokwisha kuoza. Kwa desturi ya nyumba yao, kabla ya ubeti wa mwisho mwimbaji huwataja waliokufa, nao wapate fungu lao la furaha. Salha alitaka Jalila aingie ukumbini kwa sauti hiyo, isiyo na mkwaruzo.

Dancun, fundi kutoka Frere Town, alifika baada ya adhuhuri. Kompyuta ilikuwa ya mfumo wa Linux. Akafungua dirisha jeusi, akaandika amri zake. Prosesa haikulemewa. Diski ilikuwa nzima. Akabadilisha spika. Nyimbo nyingine zote zilicheza vizuri.

"Mama, inakatika hapa tu, kwenye majina," akasema. "Na nikirudia, inakatika zaidi. Tukitoe hiki kipande."

"Nimkate mamangu? Hicho ni kijicho cha Mwanatabu. Juzi alikikalia kiti hicho hicho, wallahi. Tengeneza, mwanangu. Haniharibii arusi yangu."

Dancun akaongeza bafa, ile akiba ya sauti inayowekwa ili spika isiishiwe njiani. Majina mawili yakasikika, la tatu likakatika. Akaongeza tena. Sauti ilikuwa ya mtu anayejiziba mdomo kwa kiganja.

"Mama, tuache," akanong'ona.

"Ongeza."

Akaongeza. Wimbo ukanyooka.

Salha akatabasamu kwa ushindi. Babu yake akatajwa. Mjomba. Dada aliyekufa mchanga. Wote aliwajua. Kisha marehemu akavuta pumzi, na sauti ikashuka, ikatetemeka, kama inayolazimishwa.

"Jalila."

Salha akaruka.

"Zima. Zima!"

Dancun akachomoa waya. Kimya. Lakini Jalila alikuwa chumba cha ndani, anatiwa hina, na Salha mwenyewe ndiye aliyemlea kuitika upesi akiitwa na mkubwa.

"Abee, bibi!"

Salha akakimbia. Akamkuta mwanawe mkekani, mzima. Jalila akamtazama, akafungua kinywa kuuliza kitu. Midomo ikacheza. Hakikutoka kitu. Akajaribu tena, macho yamemtoka, akajishika koo kwa mikono ya hina mbichi.

Arusi haikuwa. Salha alikwenda kwa Mwanatabu kumtukana, akamkuta analia kumliko yeye. Madaktari walitazama koo, wakasema halina ila.

Dancun aliporudi kuchukua vifaa vyake, aliucheza wimbo mara moja tu. Haukukatika popote. Katika ubeti wa mwisho, nyuma ya bibi, palikuwa na msichana anayeitikia.

Salha huucheza kila alasiri, na Jalila huketi kando yake akisikiliza. Hakuna pengine Salha anapoweza kuisikia sauti ya mwanawe.