Aliyeitika Jina la Ubwa

Wanaosema majini hayajui njia ya hospitali, wakae hapa wasikie. Ilianza harufu ya udi. Nani kachoma udi kwenye chumba cha mashine ya sumaku, ambako hata kibanio cha nywele hakiingii? Yusra, fundi wa mashine hiyo ipigayo picha za ubongo, alikunja pua akaendelea na kazi.

Aliyelala ndani ya mashine ni kaka yake, Ubwa. Uvimbe kichwani, upande wa kushoto, ulikuwa umemfunga ulimi. Tangu Ramadhani hajatamka neno. Daktari alitaka picha safi auone mpaka wa uvimbe. Ukionekana, atapasua. Usipoonekana basi tena, arudishwe kwao Chwaka akauguzwe mpaka siku yake.

Mama yao, Bi Radhiya, alimshika Yusra mkono mlangoni, akanong'ona, "Mwanangu, humo ndani usimwite jina. Huyo jini alompanda anasikiliza, ataitika yeye. Na wewe ukiitwa, usiitike, atakuhamia."

"Mama nawe! Hii hospitali, si kilinge cha mganga."

Haya. Mashine ikaanza kugonga, Ubwa akatikisa kichwa, na kichwa kikitikisika picha huharibika. Yusra, chumba cha pili nyuma ya dirisha la kioo, akashika kipaza sauti.

"Ubwa! Tulia, kaka."

"Naam," spika ikajibu.

Masikini Yusra, machozi ya furaha yalimtoka! Kaka kasema! Akaita tena na tena, na kila alipoita sauti iliitika, nene zaidi, karibu zaidi, na kila ilipoitika ule weupe wa uvimbe kwenye skrini ulisogea, ukatambaa kutoka nyuma ya sikio ukielekea machoni kama mtu anayepapasa mlango gizani, na udi ukazidi hata koo likamkauka, na mashine ikanyamaza bila yeye kugusa kitufe, na kwenye kamera ya ndani akauona mdomo wa Ubwa umefumba, haujafunguka kabisa.

Akakimbia kumtoa. Wauguzi wakampeleka ukumbini kwa mama yake. Yusra akarudi kuitazama picha ya mwisho. Ubongo safi. Uvimbe hamna.

"Yusra!" Sauti ya Ubwa, changamfu, kama zamani.

"Naam, kaka!" Ndivyo alivyolelewa, akiitwa huitika.

Kisha akatazama kupitia dirisha la kioo. Sauti ilitoka kwenye spika, na mashine ilikuwa tupu.

Ukumbini Ubwa alikuwa akisema, "Mama, nna njaa," na Bi Radhiya akipiga vigelegele hadi watu wakatoka vyumbani.

"Yusra! Njoo umsikie kaka yako!"

Yusra akafungua mdomo. Ulimi haukunyanyuka. Nyuma ya sikio lake la kushoto kitu kizito kilijikunyata, kikajiweka vizuri, na spika ikamwitikia mama yake kwa sauti nene:

"Naam, mama."