Tambi za Jumatatu ya Pasaka

Gulio la Tunduma lilikuwa limefurika watu siku Asajile, dereva wa lori la kahawa, alipomkanyaga msichana mguu. Alipogeuka kuomba radhi akamkuta Ferista, nesi wa misheni, ambaye kwao Ibaba ni kilima cha pili tu kutoka kwa kina Asajile. Walikuwa hawajaonana miaka sita.

"Umekuwa mkubwa," alisema Asajile, kwa kukosa la maana.

"Na wewe umekuwa mzito," alijibu Ferista akisugua kidole.

Tangu hapo lori likawa na sababu ya kupita misheni kila Ijumaa. Hata Pasaka ya mwaka 1954 ilipofika, Asajile alikuwa amekwisha kwa mapenzi, na hakujali nani anajua.

Jumatatu ya Pasaka akamwalika chakula cha jioni kwa Mwitaliano, kando ya barabara kuu. Mwitaliano huyo aliletwa na vita akiwa mfungwa, akabaki kuwa mpishi. Siku za kawaida meza zake zilikuwa za Wazungu waendao Rhodesia, lakini sikukuu alimkaribisha yeyote mwenye njaa. Ferista aliingia na gauni la bluu lenye kola nyeupe, kitambaa cha hariri kichwani, akamsalimia mfagiaji kabla ya mwenye hoteli. Asajile akasahau hata kumvutia kiti. Alimpenda mno kwa mambo madogo kama hayo.

Zikaja tambi zenye nyanya na nyama ya kusaga. Asajile akapambana nazo.

"Unazila au unazivua?" Ferista alimtania.

"Mpenzi, hizi zina ujanja kuliko usukani."

"Zungusha uma polepole. Hivi."

Asajile aliitazama mikono ile iliyofunga vidonda vya watu wengi, sasa ikizungusha uma bila haraka, akaona hawezi kungoja tena.

"Ferista, miezi mitatu nakuomba nitume mshenga kwenu, na miezi mitatu unasema ngoja. Leo nijibu. Ukinikataa nitatafuta kazi ng'ambo, Ndola huko, nisipite misheni tena."

Ferista aliinua uso, macho yakaenda mlangoni, nyuma ya bega la Asajile. Ghafla akavuta kitambaa kikamfunika uso, akainuka, kiti kikaanguka, akakimbilia jikoni.

Hoteli nzima iligeuka. Asajile alibaki na uma mkononi, akitamani ardhi ipasuke immeze. Basi hilo ndilo jibu lake, na amepewa hadharani.

"Asajile." Ilikuwa sauti ya baba yake, mzee Andongwisye, aliyekuja mjini kula sikukuu kwa dada yake. "Umeoa lini bila kuniambia?"

"Sijaoa, baba."

"Yule si binti wa Tuntufye? Ijumaa Kuu alinisalimia kanisani, tukapeana mkono. Leo amenifunikia uso na kunikimbia."

Kwao Undali mwanamke hamwangalii baba mkwe, wala hakai naye chumba kimoja. Akikutana naye njiani huingia majanini mpaka mzee apite. Lakini ni mke au mchumba tu anayefanya hivyo. Binti wa jirani husalimia na kwenda zake.

Asajile alichelewa kuelewa, na alipoelewa alikwenda jikoni mbio. Ferista alikuwa nyuma ya mlango, akicheka.

"Baba bado yupo?" alinong'ona.

"Yupo. Lakini hujanijibu."

"Nimekimbia mbele za watu na viatu hivi virefu, mpenzi. Ulitaka nikujibu vipi tena?"

Asajile alimshika mikono, machozi yakimlengalenga, asione haya hata mbele ya wapishi.

"Nenda ukale na baba," alisema Ferista. "Tambi zake mkatie fupi fupi. Mimi niletee sahani yangu huku huku."

Basi jioni ile Asajile alikula kwa zamu, matonge mawili kwa baba yake, matonge mawili jikoni, akipita mlango ule na sahani mkononi huku Mwitaliano akishangaa. Hajawahi kula chakula kilichokatizwa mara nyingi vile, wala kitamu vile.