Pimbi Watatu Chini ya Dishi

Sekela alikuwa na miaka sita. Siku moja alipanda kilimani na mama yake mdogo, Atupele.

Kilimani kulikuwa na dishi. Dishi kubwa! Kubwa kuliko nyumba!

"Mama mdogo, hili dishi linafanya nini?"

"Linasikiliza setilaiti, mwanangu. Inazunguka dunia, juu, juu, juu kuliko mawingu."

"Huko kuna nini?"

"Kuna hewa za aina nyingi. Setilaiti inatazama mwanga wa jua ukipita humo. Kisha inatuambia kuna hewa gani."

Sekela akatazama angani. Hakuona kitu.

"Jamani! Inaona nisichokiona mimi!"

Asubuhi hiyo kulikuwa na baridi kali. Atupele akabonyeza kitufe.

"Setilaiti inakuja! Itakuwa hapa dakika kumi tu. Ikipita, imepita."

Dishi likaanza kugeuka. *Ngrrr... ngrrr...*

*Wii! Wii!*

Sekela akainama, akachungulia chini ya dishi. Lo! Watoto watatu wa pimbi! Wamejikunyata karibu kabisa na gurudumu lenye meno.

"Simamisha! Mama mdogo, simamisha!"

Atupele akabonyeza tena kitufe. Dishi likasimama.

"Kuna nini, Sekela?"

"Kuna watoto!"

Atupele akatazama saa yake. Akatazama angani. Setilaiti ilikuwa inapita, juu, juu, juu kuliko mawingu.

Akavua sweta lake.

"Likunjue hivi. Shika vizuri."

Atupele akamtoa mmoja, akamweka kwenye sweta. Wa pili. Wa tatu akang'ang'ania, naye akatoka.

Sekela akawabeba taratibu mpaka kwenye mawe. Mama pimbi alikuwa pale, analia. *Wii!* Wote wanne wakatokomea shimoni.

"Tayari, mama mdogo!"

*Ngrrr... ngrrr...* Dishi likageuka. Sekela akaziba mdomo kwa mikono.

*Pi! Pi! Pi-pi-pi!*

"Tumeipata!" Atupele akaruka. "Nusu tu ya habari zake, lakini tumeipata!"

Kwenye kompyuta ikatokea picha ya dunia. Imezungukwa na utepe wa rangi, mwembamba kama uzi.

"Hii ni ozoni," akasema Atupele. "Hewa inayotukinga na jua kali."

Sekela akaugusa utepe kwa kidole. Mwembamba hivyo! Na unaikinga dunia nzima!

"Hata pimbi inawakinga?"

"Hata pimbi."

Kisha Atupele akafungua daftari la kazi, akaandika. Sekela akasoma polepole, neno kwa neno:

"Tumechelewa dakika tano. Sababu: pimbi watatu. Wote wazima."

Sekela akacheka mpaka akakaa chini.