Tarakimu za Siku za Mawingu

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, binti mmoja wa darasa la sita alikuwa na kazi tatu: kufagia ua, kugeuza mayai katika mashine ya mama yake ya kutotolea vifaranga, na kusoma kipimio cha betri katika chumba cha mjomba wake. Alipoitwa kwa kazi yoyote alijibu, "Sekunde moja tu!" Kwa hiyo nyumba nzima ilimwita Sekunde.

Mjomba alikuwa fundi wa kompyuta. Chumbani mwake zilinguruma mashine tatu za kuchimba sarafu za kidijitali. Sekunde alipoziona kwa mara ya kwanza aliuliza shimo liko wapi, na mjomba akacheka hadi akashika mbavu.

"Hapa hakuna jembe wala shimo, mpwa wangu. Mashine hizi hukokotoa hesabu ngumu mchana na usiku, zikishindana na nyingine kote duniani. Inayotangulia kupata jibu hulipwa sarafu isiyoshikika mkononi. Ubaya wake ni mmoja tu: ni walafi wa umeme."

Nyaya za umeme zilikuwa hazijafika mtaani kwao. Mashine za mjomba na ile ya mayai zilitegemea jenereta la dizeli, ambalo mjomba alilikodi. Moshi wake uliingia moja kwa moja katika dirisha la jirani, mama mshonaji, aliyekuwa na kifua kibovu.

"Jirani!" alilalamika siku moja kutoka dirishani. "Gauni nimeanza kulishona jeupe, nimelimaliza la kijivu!"

Mjomba aliona haya. Akamwita fundi wa sola, akafungiwa mabamba juu ya paa na betri chumbani. Hata hivyo hakutaka kurudisha jenereta kwa pupa. Kwa wiki mbili, mashine moja ya sarafu ingetumia umeme wa jua, na mbili zingebaki katika jenereta pamoja na ile ya mayai. Kila siku, mara tatu, Sekunde angeandika katika daftari hali ya hewa, asilimia iliyobaki katika betri, na kiasi cha dizeli kilichotumika. Mwalimu wake wa sayansi alifurahi, akasema kuwa hiyo ndiyo itakuwa kazi yake ya muhula: kulinganisha nishati ya jua na nishati ya mafuta.

Wiki ya kwanza Sekunde alipima bila kukosa. Katika wiki ya pili mawingu yalitanda kwa siku mbili, na siku hizo hizo wenzake walikuwa wakifanya mazoezi ya mashindano ya kuruka kamba. Asubuhi alichelewa, mchana alisahau, jioni alichoka. Siku ya tatu alifungua daftari akaona mistari sita mitupu. Akachukua tarakimu za siku za jua, akabadilisha moja hapa na moja pale ili zisifanane mno, akaandika themanini na nane, tisini na moja, themanini na tano. Alitumia hata kalamu mbili tofauti. Lakini katika safu ya hali ya hewa aliandika ukweli: mawingu.

Mjomba aliposoma daftari alipiga meza kwa furaha.

"Dada, njoo uone! Hata siku za mawingu betri haikushuka! Jua hili litabeba mashine zangu zote, na yako ya mayai litaibeba pia."

"Una hakika, kaka?" mama aliuliza. "Mayai yangu sitini yako katika siku ya kumi na sita. Yakipoa sasa, ndiyo basi tena."

"Hakika ninayo hapa, kwa mwandiko wa mwanao."

Sekunde aliinama akijifanya anafunga kamba za viatu. Siku ile ile jenereta likapakiwa kwenye mkokoteni, likarudishwa kwa mwenyewe. Mama mshonaji alipunga mkono dirishani kana kwamba anamuaga mgeni mbaya.

Jumatatu mawingu yakarudi. Darasani Sekunde hakusikia somo hata moja, macho yakiwa dirishani. Rafiki yake alimkonyeza: "Unahesabu ndege au unamsubiri tarishi?" Hakucheka. Jioni mama alimsifu mbele ya mjomba kwa kuandika daftari vizuri, naye akainuka haraka kwenda kuosha vyombo. Alikuwa na nafasi ya kusema. Hakusema. Alijipa moyo kwamba kesho jua litawaka.

Jumanne jua halikuonekana kabisa. Sekunde aliporudi kula chakula cha mchana alikuta kimya chumbani mwa mjomba. Mngurumo wa mashine haukuwapo. Uani mama alikuwa amefunika mashine ya mayai kwa mablanketi, na mjomba alikuwa akimfokea fundi wa sola.

"Umeniuzia betri mbovu! Wiki iliyopita ilistahimili mawingu, leo imekufa. Hapa hapa utanirudishia changu!"

"Mzee, mimi huuza mabamba. Jua siuzi," fundi alijibu, ameshika kofia yake kwa mikono miwili. "Betri ni nzima. Hilo la kustahimili mawingu ndilo silielewi."

"Daftari halidanganyi! Nitautangazia mji mzima kazi yako."

Sekunde alimtazama mtu yule asiye na kosa.

"Mjomba, daftari linadanganya," akasema. "Siku za mawingu sikupima. Nilibuni tarakimu. Jana nilipoona mawingu nilijua litakalotokea, nikanyamaza."

Mama alibaki ameshika ncha ya blanketi. Kisha mjomba, bila kumtazama Sekunde, akamgeukia fundi.

"Ndugu yangu, nisamehe. Nimekukosea adabu."

"Tuyaokoe mayai kwanza," fundi alisema. Akakimbia kuleta betri yake ya akiba, akaiunganisha na mashine ya mama peke yake. Kisha akaeleza huku mikono ikifanya kazi: "Jenereta hutii wakati wowote, ila hudai mafuta na hutoa moshi. Jua halidai mafuta wala halimkohozi jirani, ila haliji kwa kuitwa. Kwa hiyo mtambue kipi kinaweza kungoja. Mashine za sarafu zizimwe siku za mawingu, zitaamka jua likiwaka. Yai haliwezi kungoja."

Tangu siku ile ikawa hivyo. Walitoka vifaranga thelathini na wanne. Mayai ishirini na sita hayakuanguliwa, na Sekunde ndiye aliyeagizwa kuchimba shimo nyuma ya nyumba na kuyafukia. Alichimba bila kusema "sekunde moja tu".

Alipomaliza, mama alimpa daftari. Sekunde alikata tarakimu za uongo kwa mstari, na mahali pake akaandika mara sita: *sikupima*. Mwalimu alimpunguzia alama nyingi, lakini mistari ile sita akaiwekea alama ya vema.

"Mama, umenisamehe?" Sekunde aliuliza jioni ya siku aliyorudishiwa daftari, wakiwalisha vifaranga.

"Nimekusamehe. Lakini sikiliza, mwanangu. Mstari mtupu ungemwambia mjomba wako kwamba hajui, naye angesubiri. Tarakimu yako ilimwambia kwamba anajua. Usipofanya kazi, sema hukuifanya. Aibu yake ni ya siku moja, na huibeba wewe peke yako. Uongo ulioandikwa vizuri huwaumiza hata wasiokujua: fundi yule, na wale vifaranga ambao hawakutoka."

Sekunde aliitikia kwa kichwa. Kesho yake alfajiri, kabla hajaitwa, alikuwa tayari amesimama mbele ya kipimio, kalamu mkononi.