Gari Lililomlaza Dereva Macho Wazi

Simu ya asubuhi ilikuwa fupi.

"Shangazi, ndizi zitaiva mchana. Soko la Kalerwe."

"Nimesikia," Joska Akidi akajibu, akakata.

Sasa ulikuwa mchana, na jasho lilimtiririka mgongoni. Jasusi huyu aliyejifanya mkalimani alikuwa kwenye kiti cha mbele cha gari refu jeusi lililokuwa likiteremka barabara ya Gayaza kuingia Kampala.

Nyuma yake aliketi Lombaert, mzungu muuza silaha. Bastola pajani. Mkoba wa ngozi kifuani. Ndani ya mkoba mlikuwa na viwashio vya mabomu yaliyokwisha kufichwa Nsambya, karibu na nyumba za reli. Jioni yangepakiwa kwenye treni ya abiria. Watu wangekufa, wakimbizi wangesingiziwa, na wanajeshi wangepata kisingizio cha kuwachinja zaidi.

Bila viwashio, mabomu hayo yalikuwa udongo tu.

"Hii gari ya ajabu, nyabo," alisema dereva Abubaker, Mnubi wa Bombo, akimwita bibi kwa Kiganda, kidole kimoja kwenye usukani. "Gia inabadilisha yenyewe. Nikibonyeza hapa, inashika mwendo yenyewe. Mimi nakaa tu kama bwana harusi."

Akidi alicheka kwa midomo tu.

Alikuwa amemchunguza sana. Kwenye lori lake la zamani, Abubaker alikuwa macho kama paka: gia, klachi, kioo, shimo, mbuzi. Humu hakuwa na kazi, na akili isiyo na kazi huenda kutembea. Kila mara alianza kuimba. Alikunja miguu chini ya kiti. Hapo hata tembo angekatiza, angemwona amechelewa. Mpango wote ulisimama juu ya kuchelewa huko.

Woga wake mwenyewe Akidi hakuuweka kwenye mpango.

Walipita Kyebando. Abubaker akaanza kuimba.

Akidi akatia mkono kwenye pochi, akabonyeza kitufe cha redio ndogo ya Motorola. Mbele, Kalerwe, mwenzake Fabiano aliingoja ishara hiyo na lori la ndizi za matoke.

Chuma baridi kikamgusa shingoni.

"Toa mkono," Lombaert alisema kwa Kiingereza. "Polepole."

Akidi akautoa. Ulishika leso.

"Joto," alisema.

Chuma hakikuondoka.

Mbele, ubao wa nyuma wa lori la Fabiano ulifunguka. Mikungu ikamwagika barabarani, rundo juu ya rundo.

Abubaker bado aliimba. Macho yake yaliitazama mikungu. Hayakuiona.

Amri ilikuwa kunyamaza. Lakini mtu huyu alikuwa amemwonyesha picha ya binti yake, Sitti, akicheka.

"Abubaker! Breki!"

Mguu wa kushoto wa dereva ukatafuta klachi, ukakanyaga hewa. Wa kulia ukaipata breki, kwa kuchelewa. Magurudumu yakalia. Gari likaserereka, likajichimbia kwenye matoke.

Lombaert akarushwa mbele, bastola ikamtoka. Akidi akachomoa Beretta, bastola yake, kwenye pochi, akageuka na kumpiga kisogoni kwa kitako. Mzungu akalegea.

Akidi akauchomoa mkoba.

"Ulijua," Abubaker alisema, damu ikimtoka puani.

"Nilijua."

"Na bado ukanipigia kelele."

Askari mmoja alikuwa anakuja mbio, bunduki mkononi. Akidi akairudisha Beretta kwenye pochi.

"Wewe! Nini imetokea?"

"Afande, makosa yangu," Abubaker akasema. "Nimelala macho wazi. Mzungu ameumia. Huyu nyabo anakwenda kuita daktari."

Askari akautazama mkoba. "Na hiyo?"

"Ya nyabo hiyo," Abubaker akasema.

Nzi alitua kwenye mtutu wa bunduki, akaruka.

"Nenda basi! Haraka!"

Akidi hakwenda haraka. Aliingia sokoni akiinua sketi yake kukwepa tope. Nyuma yake Fabiano alikuwa anampandisha Abubaker kwenye lori, akimwambia askari kwamba anampeleka dereva hospitali, na mzungu amsubiri daktari.

Kwenye mtaro mkubwa wa maji machafu akaufungua mkoba, akavitupa viwashio majini kimoja baada ya kingine. Akanawa mikono kwenye ndoo ya muuza nyanya.

"Asante, mama," alisema, akaendelea kutembea.