Penalti Iliyokatwa Katikati

Duka la fundi simu lilijaa watu siku hiyo, kila mmoja kainua simu yake juu kama yuko mnadani. Binti mmoja mshonaji alisukumwa, akamkanyaga kijana mmoja mrefu. Binti alivaa gauni la manjano alilolishona mwenyewe, kiuno kimemkaa barabara, futikamba shingoni.

"Dada, umesahau kuvua futikamba," kijana alisema.

"Sijasahau. Napima wenye midomo mirefu."

"Basi nipime taratibu, naona haya."

Binti akacheka, na mambo yakaanzia hapo.

Kijana alikuwa mkataji wa video kwenye kipindi kimoja cha televisheni cha vichekesho vya mpira. Watazamaji hujirekodi na kutuma: refa katumbukia dimbwini, beki kakimbizwa na mbuzi. Yeye huchagua, hukata zibaki sekunde nane, kisha huweka mlio wa bata juu yake.

Wiki tatu wakapigiana simu asubuhi na jioni.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula, ila sauti yako sijaishiba."

Jambo moja binti alimficha: kila Jumapili alikuwa golikipa wa timu ya wanawake wa sokoni. Alitaka kumshtukiza. Akatuma video ya mechi yao kwa jina la timu, na Jumamosi, siku ya kipindi, akawakalisha mama yake, shangazi na majirani mbele ya televisheni.

Penalti ikapigwa. Binti akaruka, akateleza, akalala kifudifudi kwenye tope. Bata akalia. Video ikaishia hapo.

"Huyu kalala kazini," mtangazaji alisema.

Majirani wakacheka. Mama aliinamisha macho, akatazama mikono yake.

Binti akatoka nje, akapiga simu.

"Yule uliyemlaza kwenye tope mbele ya mama yangu ni mimi."

"Haki ya Mungu, sikujua kama ni wewe."

"Najua hukujua. Angekuwa mwingine ingekuwa sawa? Uliitazama mpaka mwisho?"

Kijana hupokea video mia mbili kwa siku. Mtu akianguka tu, yeye anakata.

Binti akakata simu. Siku nne hakupokea.

Kijana akaitafuta ile video, akaitazama yote. Mpira uligonga mwamba ukarudi, mshambuliaji mwingine akaupiga kwa nguvu, na golikipa, macho yamejaa tope, akainuka akaudaka kwa mkono mmoja. Wenzake wakambeba juu juu. Kijana akampelekea video hiyo mkuu wa kipindi.

"Sekunde arobaini? Watu wanataka kucheka, bwana."

"Tazama kwanza, mkuu."

Penye kudaka, mkuu alijikuta kasimama.

Jumamosi iliyofuata kijana akavaa shati la buluu lililopigwa pasi, akabisha hodi kwa mama wa binti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndiye wewe mwenye bata?"

"Ndiye mimi. Nimekosa, mama. Naomba mtazame tena, na mimi nikae nanyi."

Mama akamsogezea kiti.

Shangazi na majirani walikuwapo tena, na safari hii video ilioneshwa nzima, bila bata. Shangazi aliruka, stuli ikaanguka. Mama hakupiga kelele. Alijifunga vizuri kitambaa cha kichwa, akawageukia majirani.

"Huyo nimemzaa mimi."

Binti alikuwa kasimama mlangoni, ametoka mazoezini, tope mpaka magotini. Kijana akainuka.

"Nilikukosea wewe na wengi nisiowajua. Sasa sikati kitu kabla sijakiona chote. Ukinikubali, nataka kukuoa."

"Jumapili utakuja uwanjani?"

"Kila Jumapili."

"Na mipira utabeba?"

"Nitabeba hata goli lenyewe."

Binti akavua glavu, akampa mkono. "Haya, nimekubali."

"Kaoge kwanza, mwanangu," shangazi alisema, "uje ukae na mchumba wako."

"Aoge ya nini?" mama alisema, akifungua dirisha la upande wa barabarani. "Mwache akae hapa hivyo hivyo, watu wamwone."