Mheshimiwa, Usiombe

Bomba kuu lilipasuka, mtaa mzima ukakosa maji. Msusi wa pale kona hakuwa na raha. Utamwoshaje mtu nywele bila maji? Alinunua ndoo kwa ndoo, na faida yote ikaishia humo. Wateja nao wakaanza kuhamia saluni nyingine, mmoja mmoja. Akaona kabisa kwamba mambo yakiendelea hivi, atafunga duka.

Asubuhi moja diwani akaja kusukwa. Huyo ndiye waliyemchagua watu wa mtaa wenyewe awasemee kwenye baraza la halmashauri. Msusi akamkalisha, akashika nywele, na maneno yakamtoka.

"Mheshimiwa, kura tulikupa. Maji yako wapi?"

"Dada yangu, nimeomba mpaka nimechoka. Kila kikao naomba."

Kwenye benchi alikaa wifi yake msusi, dada wa mumewe. Huyu alikuwa mtafiti wa chuo kikuu. Alihudhuria vikao vya baraza, akichunguza jinsi madiwani wanavyoisimamia halmashauri. Akacheka.

"Samahani, mheshimiwa. Mimi hukaa kule nyuma nasikiliza. Diwani akiomba, mtendaji hujibu, 'Tumelipokea.' Basi, limekwisha. Lakini diwani akiuliza lini, na nani anahusika, lazima lipatikane jibu. Kazi yako si kuomba. Ni kuhoji, kwa niaba yetu."

"Kumbe hata sisi tunaruhusiwa kuingia?" msusi akauliza.

"Vikao vya kawaida viko wazi, wifi. Unakaa, unasikiliza, unanyamaza."

"Hapo kwenye kunyamaza ndipo patamshinda," diwani akasema.

Msusi akaubana msuko. "Haya, tujaribu. Sema."

"Mwenyekiti, naomba..."

Msusi akauvuta. Diwani akaruka kitini.

"Jamani, kichwa changu."

"Rudia."

Walirudia hivyo hivyo, huku wakicheka, hadi msuko wa mwisho.

Siku ya kikao msusi alifunga duka, akaenda na wifi yake. Wakakaa nyuma. Zamu ya diwani wao ikafika.

"Mwenyekiti, naom..." Mkono ukaenda wenyewe kichwani. Akakohoa. "Nauliza. Bomba la mtaa wetu litatengenezwa lini, na nani anahusika?"

Mhandisi wa maji akasimama. "Suala hilo limepokelewa."

"Sijauliza kama limepokelewa. Nimeuliza lini."

Mhandisi akapekua makaratasi yake weee, mwisho akasema, "Ijumaa. Ninahusika mimi."

Msusi alijiziba mdomo kwa viganja asije akapiga vigelegele. Furaha ilimjaa mpaka machozi yakamlengalenga.

Ijumaa mafundi wakaja. Jioni bomba la saluni likakohoa, likatema kutu, kisha maji safi yakatoka. Msusi aliimba hadi majirani wakaja kuchungulia. Kesho yake wateja walijaa mpaka nje, na wa kwanza kwenye sinki alikuwa diwani.

"Naomba maji ya uvuguvugu," akasema.

Msusi akashika msuko mmoja.

"Nauliza," diwani akajirekebisha haraka. "Maji ya uvuguvugu yanakuja lini, na nani anahusika?"

"Sasa hivi," msusi akajibu, akifungua bomba. "Ninahusika mimi."